Tujue Kilichomo Ndani ya Mzizi

MTU atokaye Kariakoo akaifuata Barabara ya Uhuru mpaka Buguruni huona njiani dawa za namna tatu zikiuzwa. Kwanza zipo za maduka ya dawa, zenye vidonge katika pakiti na kibali cha biashara ukutani. Pili zipo za wauza mitishamba: magunia ya magome na mizizi, unga wa mwarobaini katika chupa, na vijana wa Kimasai wanaotembeza dawa zao kwa miguu kutoka kibaraza hata kibaraza. Tatu zipo dawa za Kichina: marhamu, chai za kupunguza unene, vidonge vyeusi vya mviringo, ambazo maandishi yake wanunuzi wengi hawawezi kuyasoma. Dawa za namna ya kwanza huandikwa ndani yake mna kitu gani na kwa kiasi gani. Hizo mbili nyingine mara nyingi hununuliwa kwa kuyaamini maneno ya muuzaji peke yake.

Ni juu ya hizo mbili tunazotaka kusema leo. Hatusemi ili kuwakebehi wauzaji wala wanunuzi. Mama wa Buguruni anayenunua mzizi sokoni si mjinga. Anajua bei ya kumwona daktari, anajua urefu wa foleni, na anajua kwamba bibi yake aliponywa homa kwa majani. Tunasema kwa sababu mama huyo, alipapo fedha yake, ana haki ileile aliyo nayo tajiri anunuaye pakiti yenye maandishi: haki ya kujua anakunywa nini. Haki hiyo haitapatikana kwa hotuba. Itapatikana tu pale kiini cha dawa, yaani kile kitu hasa kilichomo ndani ya mmea kinachofanya kazi ya kuponya, kitakapotafutwa, kikaonekana, kikapimwa na kuandikwa. Na twashikilia kwamba kazi hiyo yapaswa kufanywa hapa nchini, na kwa manufaa ya wananchi wa hapa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mataifa makubwa. Hao tunawaomba watazame jinsi Wachina wenyewe walivyofanya, wakati nchi yao ilipokuwa maskini.

Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China iliwaita wataalamu wake ikawaamuru watafute dawa mpya ya malaria. Dawa iliyotegemewa zamani, klorokwini, ilikuwa imeanza kushindwa, na askari waliokuwa wakipigana Vietnam walikuwa wakifa kwa homa. Mpango huo ukaitwa 523, kwa sababu ya mwezi wa tano na siku ya ishirini na tatu. Mwaka 1969 alitiwa katika kazi hiyo Bibi Tu Youyou wa chuo cha utafiti wa tiba za jadi mjini Beijing. Bibi huyu hakuwa na shahada ya udaktari wa falsafa, wala hakuwa amesoma ng'ambo. Yeye na wenzake walizunguka kwa waganga wazee na kufunua vitabu vya kale, wakakusanya dawa zaidi ya 2,000. Miongoni mwa hizo walichagua 640 zilizoelekea kufaa, na kutokana na mimea kama 200 wakapata vikamuo zaidi ya 380, ambavyo walivijaribu juu ya panya wenye malaria.

Mmea mmoja wa jamii ya pakanga, uitwao qinghao kwa Kichina, ulionyesha nguvu mara ya kwanza. Lakini uliporudiwa haukuonyesha tena. Wengine wangeutupa. Bibi Tu alirudi vitabuni, na katika maandishi ya tabibu Ge Hong, aliyeishi karne ya 4, akakuta kwamba mgonjwa wa homa alielekezwa kuuloweka mmea huo katika maji, kuukamua na kuyanywa yale maji. Tabibu yule hakutaja moto. Hapo Bibi Tu akatambua kwamba huenda kuchemsha ndiko kulikokuwa kukiiharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye joto dogo la nyuzi 35 hivi, na mwezi Oktoba 1971 kikamuo namba 191 kikaua vimelea vyote katika panya na nyani waliojaribiwa. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakakinywa wenyewe kwanza, wauone usalama wake, kabla ya kuwapa wagonjwa. Na mwaka huohuo wakapata chembe safi za kiini chenyewe, ambacho dunia inakiita atemisinini. Vyombo vya maabara vilipowapungukia, walitumia mapipa ya maji ya nyumbani kulowekea majani. Mwaka 2015 Bibi Tu akapewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba.

Msomaji asidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Tangu mwaka 2006 dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali katika Tanzania Bara imekuwa dawa mseto, ile ambayo wengi huiita ALu. Herufi ya kwanza katika jina hilo ni atemetha, ambayo hutengenezwa kwa kuigeuza kidogo atemisinini. Kila mtoto wa Buguruni, wa Vingunguti au wa Manzese aliyepewa vidonge hivyo akapona, ameponywa na mmea wa Kichina uliopita katika mikono ya wakemia. Katika miaka ya 2000 wakulima wa kaskazini mwa nchi yetu na wa Kenya waliulima mmea huo, na majani yake yakakamuliwa katika kiwanda cha Athi River, karibu na Nairobi.

Sasa tuangalie mafunzo yaliyomo katika habari hiyo, maana yanagusa kila gunia la mizizi lililowekwa sokoni.

Funzo la kwanza ni la jina. Mimea iliyoitwa qinghao katika vitabu vya kale ilikuwa zaidi ya mmoja. Ni ule ambao wataalamu wanauita Artemisia annua uliokuwa na atemisinini ya kutosha. Hapa kwetu jina moja la mti laweza kuwa mti huu Pwani na mti mwingine kabisa Usukumani. La pili ni la sehemu ya mmea na majira yake: kiini kile kimo katika majani, nacho huwa kingi kabla tu mmea haujachanua maua; shina lake halina faida. Tena mmea wa jimbo moja ulikuwa na kiini kingi kuliko wa jimbo jingine. La tatu ni la namna ya kutengeneza: mmea uleule unaoponya ukilowekwa vyema, waweza kuwa bure ukichemshwa. La nne ni la kipimo. Kikombe cha leo na kikombe cha kesho, vyote vimetoka katika majani, lakini hakuna ajuaye kwa kuonja tu kwamba vina nguvu sawa. Ndiyo sababu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono kutibu malaria kwa chai ya majani ya mmea huo: kiini chake hubadilika-badilika, hakitoshi kumaliza vimelea vyote, na vimelea vinavyosalia hujifunza kuihimili dawa.

Basi ikiwa mmea uliochunguzwa kuliko karibu mimea yote duniani una masharti hayo, twawezaje kuamini kwamba unga wowote uliofungwa katika karatasi hauna masharti?

Huenda msomaji atauliza, kiini hicho hutafutwaje? Kazi yenyewe haina uchawi, ina subira. Mtaalamu wa mimea huitambua miti na kuhifadhi tawi lililokaushwa, ili miaka mingi baadaye mtu mwingine ahakikishe ulikuwa mti gani. Majani, magome au mizizi hukaushwa kivulini, husagwa na kulowekwa katika spiriti au kimiminika kingine, kisha hicho kimiminika huvukizwa hata kikabaki kitu kizito kama asali. Kitu hicho ni mchanganyiko wa mamia ya vitu. Hupitishwa katika bomba la kioo lililojazwa unga mweupe laini; vitu vingine huteremka upesi na vingine polepole, vikakingwa katika vichupa mbalimbali. Kila kichupa hujaribiwa juu ya vimelea au vijidudu vya ugonjwa. Kisichofanya kazi huwekwa kando. Kinachofanya kazi hutenganishwa tena, na tena, mpaka kibaki kitu kimoja safi. Ndipo mashine za kupima uzito wa molekuli, na zile zinazotumia sumaku kubwa, huonyesha umbo lake. Baadaye hufuata majaribio ya sumu juu ya wanyama, na mwisho juu ya binadamu waliokubali wenyewe. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka kumi na zaidi.

Je, nchi yetu imewahi kuifanya? Naam, imeifanya, na jambo la kusikitisha ni kwamba wananchi wengi hawajui. Mwaka 1974 kilianzishwa pale Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, na mwaka 1991 kikawa Taasisi ya Tiba Asili, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu nayo ina kituo cha utafiti wa tiba asili Mabibo, hapahapa Dar es Salaam. Na mwaka 1990 wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Mayunga Nkunya, pamoja na mtaalamu wa mimea Leonard Mwasumbi na wenzao wa ng'ambo, walitangaza katika jarida la kisayansi habari za mimea ya dawa ya Tanzania waliyoijaribu juu ya vimelea vya malaria. Miongoni mwa iliyoonyesha nguvu kubwa katika maabara vilikuwamo vinundu vya ndago. Ndani yake walikuta kitu kiitwacho alfa-siperoni, chenye uwezo wa kudhuru vimelea hivyo.

Mkulima gani asiyeijua ndago? Ni gugu linalomtesa kila mwenye shamba; ukiling'oa leo, keshokutwa limeota tena kutokana na vile vinundu vyake vilivyobaki udongoni. Lakini gugu hilohilo Wachina huliita xiangfu, nao wamelitumia tangu kale kutuliza maumivu ya tumbo na kutengeneza mwezi wa wanawake. Kwa hiyo yawezekana kabisa mama akanunua Kariakoo, kwa bei ya kigeni, pakiti ya Kichina ambayo ndani yake mna kitu kile anachokitupa kila akilima shamba lake Kisarawe. Hatusemi kwamba ndago ni dawa ya malaria iliyothibitishwa. Kuua vimelea katika kioo si kumponya mgonjwa, na kati ya mambo hayo mawili pana safari ndefu. Twasema kwamba mlango ulifunguliwa na wananchi wetu wenyewe, na kwamba kugharamia safari hiyo ndefu hakupaswi kuwaachia wengine daima.

Ziko hatari nazo, na lazima zisemwe wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels katika Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakipunguza unene walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo; wengi walihitaji mashine ya kusafisha damu au figo ya kupandikizwa, na baadhi yao baadaye wakapatwa na saratani ya njia ya mkojo. Wataalamu walipochunguza walikuta kwamba mzizi uliotakiwa, uitwao fangji, ulibadilishwa na mzizi mwingine uitwao guang fangji. Majina yanafanana, na mizizi ikishakatwa vipande na kukaushwa inafanana pia. Lakini ule wa pili una asidi ya aristoloki, ambayo ni sumu ya figo. Kama shehena ile ingalipimwa siku moja tu katika maabara kabla ya kusagwa, wanawake wale wangalisalimika. Ikiwa jambo hilo lilitokea katika nchi tajiri yenye madaktari tele, tusijidanganye kwamba haliwezi kutokea penye meza ya barabarani.

Hata mwarobaini, mti tunaoupenda hata tukaupa jina la maradhi arobaini, si mchezo wa kuchezea. Wakemia wamekuta ndani yake viini vingi vichungu, kimoja kikiwa cha kuua wadudu wa shambani na kingine chenye nguvu juu ya vimelea vya malaria katika maabara. Lakini mafuta ya mbegu zake, waliponyweshwa watoto wachanga huko Malaysia, yaliwadhuru vibaya, na habari hiyo ilichapishwa mwaka 1981. Majani ni jambo moja na mbegu ni jambo jingine. Mtu mzima ni mmoja na mtoto wa miezi mitatu ni mwingine. Tena kuna hila nyingine ambayo wasimamizi wa dawa katika nchi nyingi wameikuta mara kwa mara: dawa ya nguvu za kiume iliyoandikwa kwamba ni ya mitishamba mitupu, kumbe imetiwa kwa siri dawa ya viwandani iitwayo sildenafili. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za kutanua mishipa, akinywa kitu hicho bila kujua, aweza kufa usiku uleule. Maabara peke yake ndiyo iwezayo kuifichua hila hiyo. Macho na ulimi haviwezi.

Lakini tusiangalie hatari za mwilini peke yake. Iko hatari ya kunyang'anywa. Katika karne ya 19 daktari mmoja Mwingereza aitwaye John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa nchi yake Unguja kwa miaka mingi, alisafiri na Livingstone katika bonde la mto Zambezi. Huko aliona sumu ya mishale ambayo wenyeji waliiita kombe, akatambua kwamba sumu hiyo hugusa mapigo ya moyo. Mbegu zikapelekwa Uingereza. Mjini Edinburgh mtaalamu Thomas Fraser akazichunguza na kutoa ndani yake kiini kilichoitwa strofantini, na kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya wakakitumia kutibu moyo. Mmea wenyewe mpaka leo waitwa Strophanthus kombe katika vitabu. Neno la wawindaji limebaki katika jina la Kilatini. Wawindaji wenyewe hawakuandikwa jina wala hawakupata hata senti. Aliyejua kupima ndiye aliyemiliki. Na ndivyo itakavyokuwa tena, endapo sisi tutabaki kuwa watu wa kuonyesha njia porini na wengine wakawa watu wa kupima.

Kwa upande mwingine tunao mfano wa hapa nchini wa kutafuta ukweli baada ya watu kwisha kukimbilia dawa. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, wengine kutoka nchi za jirani, walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mzee Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Mzee yule, aliyefariki mwaka 2021, hakutajirika kwa bei ile wala hakuuficha mti wake. Aliutaja, nao ni mugariga. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na wako wagonjwa waliotolewa hospitalini wakafia njiani. Twaikumbusha habari hii ili tuone hasara ya kuchelewa. Laiti taifa lingalikuwa na daftari lenye maelezo ya miti yake ya dawa, kilichomo ndani yake na madhara yake, swali la Watanzania lingalipata jibu katika juma moja, wala lisingalingoja mpaka watu wawe wamekwisha panda magari.

Tunajua hoja zitakazoletwa dhidi yetu. Waganga wengine watasema kwamba dawa hufanya kazi ikiwa nzima, na kwamba kukitoa kiini peke yake ni kuivunja nguvu yake. Hoja hii si ya kupuuzwa. Gome la mkwinini, ambalo lililimwa Amani katika milima ya Usambara, na ambalo kiwanda cha Bukavu, Kongo ya mashariki, kimelikamua kwa miongo mingi, lina kwinini iliyotolewa na Wafaransa wawili mwaka 1820, lakini lina na ndugu zake watatu wenye nguvu pia. Huenda basi katika mizizi yetu mna viini viwili au vitatu vinavyosaidiana. Vema! Lakini jambo hilo nalo litajulikana kwa kupima. Anayesema kwamba dawa yake ni nzima hana sababu ya kuogopa mizani.

Wengine, hasa baadhi ya wasomi, watasema kwamba mitishamba yote ni upuuzi wa kale na ipigwe marufuku. Hao twawakumbusha kwamba wao wenyewe walipougua malaria walimeza mtishamba wa Kichina katika umbo la kidonge. Na wengine watasema fedha hakuna. Hao twawajibu kwamba gharama ya kutokujua hulipwa kila siku, ila hulipwa na maskini mmoja mmoja, kimyakimya, na kwa hiyo haionekani katika hesabu za bajeti.

Tena wakati haungoji. Vimelea vya malaria vyenye dalili za kuanza kuihimili atemisinini vimekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Klorokwini ilitutupa mkono mwaka 2001. Iliyoifuata nayo haikudumu. Kama hii ya sasa itachoka, dunia itahitaji kiini kingine, na huenda kimo katika msitu wa Pugu au wa Kazimzumbwi, ambao watu wanaukata makaa. Na mzee anayekijua yupo, lakini ana miaka themanini, na wajukuu zake hawataki kurithi mkoba.

Basi twapendekeza mambo matano.

Kwanza, sheria tunayo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza lenye kazi ya kuwasajili waganga, vituo vyao na dawa zao. Baraza na lihakikishe kwamba kila dawa iuzwayo ikiwa imefungwa, ya Kitanzania au ya Kichina, ina maandishi ya Kiswahili yenye jina kamili la mmea, sehemu iliyotumika, kipimo chake, watu wasiofaa kuitumia, na tarehe ya kutengenezwa.

Pili, wachunguzi waende wenyewe sokoni, Buguruni na Kariakoo na mikoani, wanunue dawa kama wanunuavyo wananchi, wazipeleke kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kisha majibu yatangazwe redioni na kubandikwa penye ubao wa soko. Ripoti iliyofungiwa kabatini haimponyi mtu.

Tatu, fedha za utafiti zitengwe kwa kazi yenyewe. Jengo la maabara bila kemikali, bila fundi wa mashine na bila mshahara wa kijana aliyesomea kemia, ni ghala la vumbi.

Nne, mganga atakayetoa siri yake aandikiwe mkataba kabla hajafungua mdomo. Jina lake litiwe daftarini, na dawa ikipatikana, yeye na kijiji chake wapate fungu lao. Tukimfanyia kama walivyofanyiwa wawindaji wa kombe, wenzake watafunga milango, nao watakuwa na haki.

Tano, urafiki wetu na China utumike vyema zaidi. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanganyika mwaka 1968. Na mwaka 1987 wataalamu wa tiba ya jadi ya Kichina walianza kushirikiana na Muhimbili katika kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Twashukuru. Lakini rafiki wa kweli tusimwombe vidonge siku zote. Tumwombe atufunze namna Bibi Tu alivyofanya kazi, ili vijana wetu wakae naye katika maabara yake na yeye akae nao katika yetu.

Nawe msomaji, wakati serikali inayashughulikia hayo, unayo kazi yako. Ukinywa dawa ya miti au ya Kichina, mwambie daktari wako bila kuona haya, maana nyingine hugombana na dawa za hospitali. Usiache dawa za kisukari, za shinikizo la damu au za UKIMWI kwa sababu mtu amekuahidi kwamba mzizi utakutosha. Mama mjamzito na mtoto mchanga wasijaribiwe kitu kisichojulikana. Ihifadhi pakiti hata kama huwezi kuisoma. Siku utakapougua, yupo atakayeisoma. Na muulize muuzaji maswali matatu: mti huu ni upi, sehemu hii ni ipi, na kipimo ni kiasi gani? Asiyeweza kuyajibu hayo hastahili fedha yako.

Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai. Mganga anayeficha mzizi wake hadi kaburini hauzalishi kitu, na taifa linaloogopa kuipima mizizi yake halitapata dawa ndani yake. Mizizi tunayo, wazee wanaoijua bado wapo, na vijana waliosomea kuipima wapo, wengine wakizunguka mjini kutafuta kazi. Wakutanishwe katika maabara moja kabla wazee hawa hawajatutoka.